Nafsi na Umma katika Mtaa wa Hillbrow

Miongoni mwa maswali ambayo wenye busara wa kila zama wamepishana juu yake ni hili la mtu na umma: je, mja aliyepewa akili na dhamiri yake mwenyewe afuate njia anayoiona kuwa ya haki, hata kama jirani, jamaa na serikali wameipa kisogo, au aitii ada ya wengi kwa kuwa wengi ndio waliomlea na ndio watakaomzika? Lugha yetu imeziwekea akiba ya hoja pande zote mbili, kwani huku twaambiwa kwamba mtu ni watu, kwamba mwacha mila ni mtumwa, na kwamba ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Na kule twaambiwa kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Jawabu jepesi, lisikikalo aghalabu katika hotuba za mahafali na katika mawaidha ya wazee, ni kwamba jambo hili ni la moyo tu: aliye na moyo mkuu husimama, na aliye na moyo mdogo huinama, yamekwisha.

Nakusudia kuonyesha kwamba jawabu hilo lina upungufu mkubwa, na ithibati yangu nitaitafuta katika mtaa mmoja wa Johannesburg, Hillbrow, ambao kwa muda wa miaka hamsini na zaidi umekuwa kimbilio la watu waliokataa, au walioshindwa, kufanana na wenzao. Madai yangu ni kwamba ushujaa wa nafsi una masharti yake, nayo ni matatu: kwanza mlango ambao mtu aweza kuufunga nyuma yake, pili mwenzi, hata akiwa mmoja tu, wa kumshuhudia kwamba hakuingiwa na wazimu, na tatu sheria itakayomlinda pasipo kumtaka kwanza ajibadili. Sharti moja likikosekana, hata mashujaa huficha nyuso zao, na sisi tunaowatazama kwa mbali huwahukumu kuwa waoga, ilhali walichokosa si moyo.

Hillbrow ni mtaa mdogo, wa takriban kilomita moja ya mraba, uliokaa juu ya kilima karibu na kitovu cha mji. Ulipimwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati Johannesburg ilipokuwa ingali changa na yenye harufu ya machimbo ya dhahabu, na baada ya Vita Kuu ya Pili nyumba zake za bustani zilivunjwa, mahali pake pakasimamishwa maghorofa yaliyosongamana bega kwa bega. Kati ya mwaka 1968 na 1971 ulijengwa hapo mnara wa simu wenye urefu wa mita 269, na mwaka 1975, katika mtaa jirani wa Berea, likakamilika jengo la duara la Ponte lenye ghorofa 54. Wageni kutoka Ujerumani, Italia, Ureno, Ugiriki na Hungaria walifungua mikahawa iliyokesha, maduka ya vitabu na maduka ya sahani za muziki. Na vijana wa Kikaburu waliochoshwa na mashamba ya baba zao, na nidhamu ya makanisa yao, walipanda kilima hicho kutafuta pumzi. Mwanazuoni wa Kijerumani Georg Simmel alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1903, kwamba mji mkubwa humkomboa mtu na macho ya kijiji, ingawa aliongeza kwamba humo humo ndimo awezamo kuonja upweke usio na mfano. Hillbrow ilikuja kuthibitisha nusu zote mbili za kauli hiyo.

Walakini uhuru huo ulikuwa na rangi. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iligawa miji ya Afrika Kusini kwa nasaba, na Hillbrow ikahesabiwa kuwa ya Wazungu. Mtu mweusi aliruhusiwa kulala humo kwa ajili ya utumishi tu. Vyumba vya watumishi vilijengwa juu ya paa za maghorofa, na mwaka 1955 ikapitishwa sheria ya kupunguza hata hao wa paani, kwa hofu ya watawala kwamba juu ya vichwa vya Wazungu kungezuka mji wa Waafrika. Basi ukitazama kwa insafu utaona kwamba jengo lile lile lililompa kijana wa Kikaburu nafasi ya kuwa atakavyo, lilimtaka mwanamke aliyefua nguo zake asiwe lolote ila mtumishi.

Mambo yalianza kugeuka mwishoni mwa miaka ya 1970, wala hayakugeuzwa na hotuba. Wazungu wenye uwezo walikuwa wakihamia vitongoji vya nje, vyumba vikabaki vitupu, ilhali Wahindi na Machotara walikuwa wamebanwa katika maeneo yao kwa uhaba wa nyumba. Wenye majengo wakaanza kuwapokea kwa mlango wa nyuma, na baadaye Waafrika nao wakafuata. Hila iliyotumika ilikuwa kumtafuta Mzungu atie saini mkataba kwa jina lake, kisha mpangaji halisi aingie na kuishi chini ya kivuli cha jina hilo. Mpangaji wa namna hiyo hakuwa na uso mbele ya sheria: akitozwa kodi ya kupindukia hakuthubutu kushitaki, bomba likipasuka hakuwa na haki ya kudai fundi, na polisi wakibisha alipaswa kujibu kwamba yeye ni mgeni tu. Mwaka 1979 kikaundwa chama cha Actstop kuwatetea waliokuwa wakifukuzwa, na mwaka 1982, katika kesi ya mama mmoja wa ukoo wa Govender, Jaji Richard Goldstone aliamua kwamba kumtia mtu hatiani kwa kuishi mahali pasipo pa rangi yake hakumlazimishi hakimu kumtoa nje, bali yampasa kwanza atazame kama mtu huyo ana pa kwenda. Kwa hukumu hiyo moja kazi ya kufukuza watu ilizorota, Hillbrow ikaanza kuitwa mtaa wa kijivu, na sheria yenyewe ikaja kufutwa mwaka 1991, baada ya maisha ya watu kuwa yamekwisha kuipita.

Wengi wa wapangaji wale hawakuingia Hillbrow kwa sababu walikuwa na falsafa ya uasi. Waliingia kwa sababu walihitaji dari. Ujasiri wa kujiona wana haki ya kukaa pale uliwajia taratibu, mwaka baada ya mwaka, kwa kuamka kila asubuhi katika chumba ambacho serikali ilisema si chao na kukuta kwamba dunia haikuanguka. Sisi tumezoea kusema kwamba mtu hujiamini kwanza kisha akatenda. Hapa mambo yalikwenda kinyume, kitendo kikatangulia na imani ikakifuata. Hilo ndilo sharti la kwanza, na si ajabu kwamba tawala zote zinazotaka watu wafanane huanza kwa kudhibiti makazi, maana asiye na mlango hana siri, na asiye na siri hana nafasi ya kujaribu kuwa mwingine.

Sharti la pili, la mwenzi, lilifahamika vyema kwa watunga sheria wa Afrika Kusini ya wakati huo kuliko linavyofahamika kwa wahubiri wetu. Mwaka 1966 polisi walivamia karamu ya wanaume wapendao jinsia yao katika nyumba moja ya Forest Town, huko huko Johannesburg, na baada ya uchunguzi na mjadala mrefu Bunge likapitisha, mwaka 1969, kifungu kilichoharamisha mambo ya mapenzi baina ya wanaume katika karamu, kisha likafasiri kwamba karamu ni mkutano wowote wenye watu zaidi ya wawili. Msomaji anayeamini, kwa mujibu wa dini yake, kwamba mapenzi ya namna hiyo ni haramu, halazimiki kuibadili itikadi yake ili aifuate hoja yangu. Namwomba tu aizingatie hekima ya kidhalimu iliyomo katika kifungu kile. Waliokitunga walijua kwamba mtu mmoja, hata wawili waliojificha, si hatari kwa ada iliyowekwa. Hatari huanza pale anapoingia wa tatu, kwa sababu hapo ndipo aibu ya faragha inapogeuka kuwa jamii.

Elimu ya nafsi nayo ilikuwa imekwisha kulipima jambo hili. Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1951, Mmarekani Solomon Asch aliwaketisha watu mbele ya mistari na kuwauliza upi unalingana na upi, swali ambalo mtoto angelijibu. Lakini wote waliokuwamo chumbani isipokuwa mmoja walikuwa wamefundishwa kutoa jibu la uongo. Takriban theluthi ya majibu ya yule mmoja ilifuata uongo wa wengi, ingawa robo ya watu waliojaribiwa hawakuyumba hata mara moja. Lililo kubwa zaidi lilidhihirika baadaye: akiwekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli pamoja naye, kukubali kwake uongo kulishuka hata kukabaki kama robo ya kule kwa awali. Wengi wakabaki kuwa wengi, na jicho likabaki lile lile. Kilichoongezeka ni shahidi.

Hata katika fasihi yetu jambo hili limeonekana. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, alishutumiwa vikali na walioamini kwamba amevunja nguzo za ushairi wa Kiswahili. Na miaka miwili baadaye wakatokea washairi Mulokozi na Kahigi na diwani yao ya Malenga wa Bara. Tangu hapo ugomvi ukawa wa kundi na kundi, na ushairi wa aina mpya ukapata makazi katika lugha. Sijui kama Kezilahabi angenyamaza laiti angebaki peke yake, lakini nina yakini kwamba sisi tungemsahau upesi zaidi.

Katika Hillbrow shahidi wa namna hiyo alipatikana mahali penye kelele: katika baa ya hoteli ya Harrison Reef, iliyokuja kujulikana kwa jina la Skyline, ambamo wanaume weusi wa mitaa ya mbali walikaribishwa wakati ambapo baa nyingine za Wazungu ziliwafungia milango. Katika zama hizo za miaka ya 1980 ndipo lilipojulikana jina la Simon Nkoli, na sina mtu mwingine ambaye maisha yake yanauchambua mgogoro huu kwa ukamilifu kama yake. Alizaliwa Soweto mwaka 1957. Na alipomfunulia mama yake hali yake, mama, kwa uchungu wa mzazi, alimzungusha kwa waganga wa kienyeji, kwa padri na kwa tabibu wa nafsi. Mwaka 1984 alianzisha kikundi cha watu weusi ndani ya GASA, chama cha wapenzi wa jinsia moja ambacho wanachama wake karibu wote walikuwa Wazungu, na mwaka huo huo akatiwa mbaroni kwa sababu ya machafuko ya Vaal yaliyotokana na kupandishwa kwa kodi za nyumba. Akashitakiwa pamoja na wenzake 21 katika kesi ya uhaini ya Delmas, kesi ambayo mwisho wake ungeweza kuwa kitanzi.

Huko gerezani palidhihirika kwamba shinikizo la kufanana halitoki upande mmoja. GASA, waliopaswa kuwa ndugu zake katika jambo moja, walikataa kumtetea kwa kisingizio kwamba chama chao hakiingii katika siasa. Na wenzake wa gerezani, waliokuwa ndugu zake katika jambo jingine, walipoijua hali yake baadhi yao walitaka kesi yake itengwe na yao, wasije wakachafuliwa. Hakukubali kujigawa. Baada ya majadiliano makali wenzake wale, wakiwamo Mosiuoa Lekota na Popo Molefe, waliokuwa miongoni mwa viongozi wakubwa wa harakati, walibaki naye. Aliachiwa huru mwaka 1988, na mwaka huo akaasisi chama kipya, GLOW, kilichochanganya rangi zote. Mwaka uliotangulia, katika uchaguzi wa 1987, chama tawala kilichoasisi ubaguzi kilikuwa kimenyakua kiti cha Hillbrow, mgombea wake akiwa amewabembeleza waziwazi wapiga kura weupe wapendao jinsia yao. Funzo ni chungu lakini ni la lazima: kuwa tofauti na umma katika jambo moja hakumfanyi mtu kuwa huru katika mengine, na kimbilio lenyewe, likishapata nguvu, hutunga ada zake, likawatoza waliomo kodi ya kufanana.

Tarehe 13 Oktoba 1990 GLOW iliandaa maandamano, ya kwanza ya aina yake katika bara la Afrika, yakatoka Braamfontein na kupita Hillbrow, watu takriban 800. Nkoli alisimama akaeleza kwamba yeye ni mtu mweusi na ni mpenzi wa jinsia yake, wala hawezi kuzikata nafsi hizo mbili akaifanya moja kuwa ya kwanza na nyingine ya baadaye. Beverley Ditsie, binti wa Soweto, alisema mbele ya wapiga picha, na baada ya uso wake kuonekana alipata vitisho mtaani kwao; mwaka 1995 alikwenda kusimama mbele ya Mkutano wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa mjini Beijing. Lakini katika msafara ule walikuwamo pia watu waliovaa mifuko ya karatasi vichwani, iliyotobolewa matundu ya macho, kwa sababu wangetambuliwa wangepoteza kazi au watoto.

Watu wa mifuko wamechekwa na wengine na kuonewa huruma na wengine, nami naona kwamba wote hao hawakuwasoma sawasawa. Mtu asiye na ujasiri hubaki nyumbani. Aliyeuvaa mfuko ule alikuwa amekwisha kuamua kwamba mwili wake uhesabiwe. Alichokizuia ni jina lake tu, kwa kuwa alikuwa na mlango wa kufunga, alikuwa na wenzake 800, lakini sheria ilikuwa ingali ikimpa mwajiri ruhusa ya kumtupa nje. Tukiliweka jambo hili kando ya wale wapangaji walioishi chini ya saini za watu wengine, tutaona kwamba kisa ni kimoja. Mtu hujitokeza kwa kadiri ya ulinzi alionao, na sehemu inayobaki chini ya kifuniko ndiyo inayotuonyesha ni sharti lipi halijatimizwa.

Wazungu wenyewe hawakuwa umma mmoja. Mwaka 1989 vijana wa Kikaburu walizunguka nchi nzima na ziara ya muziki iliyoitwa Voëlvry, wakiimba kwa lugha ya baba zao dhidi ya mambo ambayo baba zao waliyaona matakatifu. Mmoja wao, Ralph Rabie, aliyejipa jina la Johannes Kerkorrel, aliita bendi yake kwa jina lenye kuyadhihaki makanisa yao, na katika albamu yake ya mwaka huo aliuweka wimbo ulioitwa kwa jina la mtaa wetu huu. Redio ya serikali ilizizuia nyimbo, na vyuo kadhaa viliwafungia viwanja. Makaburu walikuwa wamefundishwa kwamba umoja wa kabila ni ngome ya uhai wao. Na kila kijana aliyehudhuria tamasha lile akaona ukumbi umejaa wenzake wa umri wake, alitoka akijua kwamba ngome ile ilikuwa na nyufa kutoka ndani.

Ama kuhusu shinikizo la jamaa, hakuna aliyelieleza kuliko Phaswane Mpe, mwandishi aliyeishi Hillbrow na ambaye riwaya yake, Welcome to Our Hillbrow, ilitoka mwaka 2001. Riwaya hiyo inaweka pamoja mtaa wa maghorofa na kijiji cha Tiragalong, ambako watu huilaani Hillbrow kuwa shimo la uovu na maradhi, na ambako uvumi una nguvu ya kumwua mtu aliyesingiziwa uchawi. Mmoja wa wahusika wake, Refilwe, awali huwadharau wageni kutoka Afrika nyingine, kisha akiwa Oxford anampenda Mnaijeria, anarudi nyumbani na UKIMWI, na kuwa yeye mwenyewe lile lililosemwa vibaya. Hoja ya Mpe ni kwamba kijiji hakibaki nyuma mtu apandapo basi. Husafiri naye, kikapanga chumba katika ghorofa ile ile. Mpe mwenyewe, baada ya kufundisha chuo kikuu, aliiacha njia iliyotarajiwa kwa msomi, akaanza kujifunza uganga wa jadi, na akafariki mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 34.

Kutoka miaka ya 1990 waliojaza maghorofa yale walikuwa zaidi na zaidi watu wa mataifa mengine ya Afrika: Wazimbabwe, Wanaijeria, Wamalawi, Wakongo wa Lubumbashi na Bukavu, na vijana wa Tanzania. Kiswahili kilipanda kilima. Hawa walikimbia vita na ufukara, na baadhi yao walikimbia macho ya ukoo. Lakini walikuta jicho jingine. Mei 2008 ghasia dhidi ya wageni zilianza Alexandra, zikaenea katika miji mingi, watu 62 wakauawa. Na habari zikasimulia jinsi makundi ya watu yalivyowapima waliokamatwa kwa kuwataka wataje neno la Kizulu la kiwiko, atakayekosea akahesabiwa mgeni. Katika hao 62, watu 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Kipimo cha kufanana, kikishawekwa mikononi mwa umati, hakiwezi kukoma kwa yule kilichokusudiwa. Kesho humgeukia raia mwenye lafudhi ya mkoa wa mbali au ngozi iliyozidi weusi. Tangu wakati huo msemaji wa Kiswahili ndani ya teksi za abiria za Johannesburg aghalabu hujua kuikata simu mapema au kujibu kwa Kiingereza kifupi, nao ni mfuko wa karatasi wa namna nyingine, uvaliwao ulimini.

Haingekuwa insafu kuufunga mjadala bila kuusikiliza upande wa umma, kwani una hoja nzito. Macho yasiyokujua, ambayo humpa mtu uhuru wa kuwa atakavyo, ndiyo hayo hayo yaliyomwachia mnyang'anyi nafasi, yakaruhusu majengo kutekwa na wahuni wanaotoza kodi isiyo yao, na ngazi za giza zisizo na mwenyewe. Na mhamiaji aliyejivunia kwamba hamtegemei mtu, siku ya mauti yake watu wa kwao ndio hupitisha daftari la michango, wakalipia jeneza na ndege, wakampeleka azikwe penye makaburi ya wazazi wake. Hakuna ajizikaye. Maadamu hivyo ndivyo, mila haiwezi kuhesabiwa kuwa minyororo mitupu. Ni deni pia, na mwenye kulikana deni lote, ilhali ameishi kwa mtaji wake, hastahili kuitwa huru.

Tena kufanana kwaweza kutumiwa kumlinda aliye tofauti. Nkoli alifariki kwa UKIMWI tarehe 30 Novemba 1998, akiwa amekwisha kuitangaza hali yake bila kificho, na siku kumi baadaye Zackie Achmat na wenzake wakaanzisha harakati ya kudai dawa, TAC. Mwezi huo huo wa Desemba, huko KwaMashu, mwanamke aitwaye Gugu Dlamini aliuawa baada ya kusema hadharani kwamba ana virusi. Wanaharakati wakajibu kwa kushona fulana zenye maandishi makubwa ya kwamba avaaye ana virusi, wakazivaa wote, wenye virusi na wasio navyo, hata Mzee Mandela akaivaa alipozuru Khayelitsha mwaka 2002. Tazama jinsi vazi hilo lilivyofanya kazi: muuaji hakuweza tena kumchagua mmoja. Mfuko wa karatasi ulimficha mtu mmoja mmoja asionekane na umma, na fulana ikauficha udhaifu wa mmoja ndani ya umma wote. Umma unaojua kufanya hivyo haumnyang'anyi mtu nafsi yake, humkopesha mgongo.

Lakini huwezi kuutumainia wema wa umma kila siku, na hapo laja sharti la tatu. Upande wa magharibi wa Hillbrow, penye Ngome Kongwe iliyokuwa gereza lililowafunga Gandhi na Mandela, ilifunguliwa mwaka 2004 Mahakama ya Katiba, na matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa yakatumika katika ujenzi wake. Katiba ya 1996 ilikuwa imekataza ubaguzi kwa rangi, dini, jinsia, utamaduni, na hata mwelekeo wa mapenzi. Mwaka 2007 mahakama hiyo ilisikiliza kesi ya binti wa Kihindi aliyekatazwa na shule yake ya Durban kuvaa kipini cha puani, pambo ambalo dada wa pwani yetu hulivaa bila kuulizwa. Jaji Mkuu Pius Langa akaamua kwamba shule ilimbagua, kwa kuwa sare haina haki ya kufuta mila ya mtu pasipo sababu ya maana. Naye Jaji Albie Sachs, katika hukumu ya mwaka 2005 juu ya ndoa, alifafanua kwamba usawa haudai watu wawe sare, unadai waheshimiwe katika tofauti zao.

Kisa cha Gareth Prince kinafundisha zaidi. Huyu alikuwa mwanasheria wa imani ya Rastafari, aliyenyimwa kuandikishwa kuwa wakili kwa sababu hakukubali kuacha kuvuta bangi, ambayo kwake ilikuwa ibada. Mwaka 2002 aliomba mahakama iwatoe Marasta katika sheria, akashindwa kwa kura tano dhidi ya nne. Mwaka 2018 alirejea, pamoja na wengine, akidai safari hii haki ya kila mtu mzima ya faragha nyumbani mwake, akashinda. Alipoomba hisani kwa ajili ya wachache alikuwa mgeni mlangoni. Alipodai haki kwa ajili ya wote alikuwa mwenye nyumba. Imani yake haikubadilika kwa miaka 16. Kilichobadilika ni kwamba aliitafsiri haja yake kwa lugha ambayo jirani asiyemwelewa angeweza kuitumia naye.

Sheria nayo ina mipaka yake, na Hillbrow ni shahidi mchungu wa hilo, kwani chini ya kilima cha mahakama bora kabisa katika bara letu wapo watu wanaonyamazisha lugha ya mama yao ili wafike salama. Jaji aweza kumpa mtu haki ya kuwa tofauti. Hawezi kumpa jirani asiyemtazama kwa jicho la husuda. Ndiyo maana nimeyataja masharti matatu pamoja. Mlango pasipo mwenzi huzaa upweke, mwenzi pasipo sheria huzaa genge la siri, na sheria pasipo makazi hubaki katika vitabu.

Basi tunapowafundisha watoto wetu kujiamini, na ni wajibu kuwafundisha, tusiwatwishe wao peke yao mzigo ulio wetu. Mzazi anayemwambia bintiye asimame imara, kisha akaungana na majirani kumcheka mtoto wa mwenziwe aliyechagua fani ya ajabu au mchumba wa kabila jingine, anafundisha ushujaa huku akiuvunja. Atakaye kuona watu wenye nafsi zilizo wima hana budi kuanza kwa kuwa yule mmoja katika chumba cha Asch, asemaye kweli mapema kabla mwingine hajalazimika kuisema peke yake. Kazi hiyo haihitaji moyo wa simba, wala haimtaki mtu akubaliane na kila analolitetea. Inamtaka tu asikubali kuwa mmoja wa wengi wanaosema uongo juu ya jirani yake.